Padri wa Joho Jekundu

Jina la kitabu sitakutajia, rafiki yangu, nisije nikawatafutia wateja. Wewe jua tu kwamba ni kile cha katuni, cha shujaa anayeruka angani na joho jekundu, ambacho watu wa rika letu wakikisikia wanatabasamu kabla hujamaliza kukitaja. Nami nilikuwa mmoja wao. Nimetabasamu miaka na miaka, mpaka juzi juzi hapa Ngara mjini. Nimekasirika hadi sasa ninavyokuandikia, na ukiona mahali nimefoka, nivumilie.

Nilikuwa nimetoka Mwanza, ninakoshona nguo za watu, nimekuja kupalilia kaburi la bibi yangu kule Rulenge, kisha nipite Nyakahura kumwona mama mmoja ambaye habari zake nitakueleza. Niliposhuka stendi ya Ngara nikitoka Rulenge, vijana wa bodaboda wananivuta huku na huku, macho yangu yakagota kwenye duka la vifaa vya shule. Mlangoni, katikati ya madaftari na mabegi, kilikuwa kinaning'inia kile kitabu. Kipya! Jalada linang'aa, na juu yake wameandika kwa herufi za dhahabu kwamba sasa kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Mwenzangu, nilipiga ukelele mpaka mwenye duka akadhani nimeibiwa. Nikakinunua, nikakibana kwapani, nikajiambia: hiki ni cha mama wa Nyakahura, safari hii atakisikia chote kwa lugha anayoielewa.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana bila hivyo utaniona kichaa, mwanamke mzima na wajukuu wake anagombana na katuni.

Bibi yangu alikuwa anafua nguo za watu misheni. Siku moja mgeni fulani wa Kizungu aliondoka akasahau kitabu chini ya mto wa kitanda, bibi akakipeleka kwa wenyewe, wakamwambia kaa nacho, mama, huyo harudi tena. Akakileta nyumbani kwenye kapu la mashuka. Kilikuwa cha Kiingereza, na kwetu Kiingereza hakikuwa na mwenyewe. Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya shuleni na sokoni, ukifika kwenye uzio wa bibi unakiacha hapo nje, ndani ni Kihangaza. Basi kitabu kikavikwa kitambaa cheupe, kikalazwa juu ya ghala la mtama ambako panya hawafiki wala watoto.

Kilishushwa Jumapili tu, tena kiangazi, maharage yakishapurwa. Unaikumbuka harufu ile? Maganda makavu ya maharage, vumbi linaloingia puani mpaka unapiga chafya, na kwa mbali ndizi zinazoivishwa shimoni kwa ajili ya pombe ya rubisi. Tunatoka misa, tunakula ndizi zilizopikwa na maharage mapya, tunapewa zamu ya kufukuza mbuzi wasikanyage kahawa iliyoanikwa, kisha bibi ananawa mikono kwa sabuni ya kufulia, anajifuta, anasema, "Njooni." Hakuna aliyegusa kitabu bila kunawa. Ukikohoa karibu na ukurasa unapigwa kofi la shingo.

Sasa sikiliza alivyosoma, maana herufi hata moja alikuwa haijui. Bibi alitazama picha ya kwanza, mwanamume amevaa joho jekundu linaloshuka mpaka visiginoni, akasema bila kusita kwamba yule ni padri. Angekuwa nani mwingine? Katika maisha yake yote watu aliowaona na joho ni mapadri, na nyekundu aliifua na kuipiga pasi mwenyewe kila mwaka kabla ya Pentekoste. Akafanya ishara ya msalaba, na sisi tukafanya. Kwa nini suruali yake inambana hivyo? Bibi akasikitika kwa kweli, kama mtu wa kazi moja na aliyekosea. "Wamemfulia kwa maji ya moto. Wameiharibu nguo ya watu." Na mbona anaruka angani? Kaitwa kwa mgonjwa mahututi na pikipiki ya parokia ni mbovu. Anapompiga ngumi mwanamume mnene mwenye upara? Anamtoa pepo, si unaona anavyokodoa macho! Hebu niambie wewe, nani angeweza kumbishia?

Lakini ukurasa tuliousubiri sote ulikuwa katikati ya kitabu. Picha moja tu imeujaza wote. Kuna mto mpana, kuna daraja, na darajani umati wa watu wenye mizigo wanakuja, wazee na watoto, na mbele kabisa mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mkeka uliokunjwa kichwani. Padri wetu amesimama mwisho wa daraja, joho linapepea, ameinua mkono wa kulia, kiganja wazi kuwaelekea. Bibi hapo alishusha sauti. "Anawabariki," alisema. "Wametoka mbali, wamechoka, na yeye amekuja kuwapokea mtoni." Kisha aliinua mkono wake mwenyewe, ule mkono uliojaa nyufa za sabuni, na sisi tukainamisha vichwa tukabarikiwa hapo hapo kwenye maganda ya maharage.

Na jirani yetu alikuwepo. Huyu ndiye mama niliyekwambia. Alivuka mto Ruvubu kutoka Burundi nikiwa mdogo sana, na mtoto mgongoni na mkeka kichwani, hivyo hivyo kama kwenye picha, sikuongezei chumvi. Bibi alimgawia kipande cha shamba upande wa bondeni na mbegu za kuanzia. Kusema na sisi hakukumpa shida, maana Kihangaza na Kirundi ukiviweka pamoja vinaelewana vyenyewe. Kila Jumapili ya kitabu alikuja, ananawa kama sisi, anakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Ukifika ukurasa ule aliweka kidole juu ya yule mwanamke wa mbele. "Huyu ni mimi," alisema. Kila mara. Kidole kile kiliacha doa, na bibi, ambaye angekuchapa kwa alama ya jasho, kwa doa lile hakusema neno.

Kisha maneno yakaanza. Hujui yanatoka wapi, unasikia tu sokoni, kisha kisimani, kisha kwa watu mliokula nao. Kwamba wageni wamejaa, kwamba mbuzi wakipotea ni wageni, kwamba warudi kwao. Jirani yetu alisalimia watu hawakuitikia. Watu aliowasaidia kupura maharage yao! Siku moja tulikuwa naye tunatoka misa, wanaume wamekaa kando ya barabara na kata zao za rubisi, mmoja akamnyooshea mkono, kiganja wazi, akapaza sauti, "Rudini mlikotoka!" Wengine wakacheka. Bibi yangu alikuwa mfupi, lakini aliwasogelea akawatukana kwa Kihangaza maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyaandika mbele ya watu.

Haikusaidia. Mama yule alifunga mkeka wake tena. Hakuvuka mto kurudi, alikwenda Nyakahura, upande wa Biharamulo, kwa ndugu zake waliokuwa wamepata shamba huko. Asubuhi ya kuondoka bibi akashusha kitabu kutoka juu ya ghala. Yeye, aliyenawa kabla ya kukigusa, alishika ukurasa wa mtoni akauchana, kraa, mpaka nikafumba macho. Akamkunjia, akamwambia, "Ukifika uutundike. Wakikusumbua, waoneshe aliyekupokea." Kitabu chenyewe hakikufunguliwa tena. Bibi alipofariki, wakamzika nacho, nacho kikaoza zake kwa heshima.

Basi turudi Ngara. Basi dogo la Nyakahura lilikuwa halijajaa, nikaingia hotelini pale pale stendi, nikaagiza chai na chapati. Nikanawa mikono, usinicheke. Nikafungua.

Mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu. Kumbe yule mnene mwenye upara ni mwenye benki, hana pepo! Kumbe hakuna mgonjwa mahututi popote! Nikaona, haya, bibi alijitungia, na wao walijitungia, tumalizane salama. Ndipo nikafika mtoni. Mkono ni ule ule, na kiganja ni kile kile. Karibu na mdomo wa padri wetu wamechora lile wingu la maneno, na ndani yake, kwa Kiswahili safi cha kusomwa hata na mtoto wa darasa la pili, imeandikwa: "Rudini mlikotoka!"

Nikasoma tena. Chai ikapoa. Nikageuza ukurasa, lo, huko ndiko kubaya zaidi, maana yule mwanamke wa mbele, yule mwenye mtoto mgongoni, anafungua mkeka na ndani ya mkeka kuna panga. Ati ni mtego! Ati mtoto si mtoto, ni furushi la baruti! Na shujaa anawatimua wote darajani, wanaanguka majini na mikeka yao, na watu wa mji wanampigia makofi.

Yaani mtu mzima, aliyelala kitandani akala akashiba, alikaa akachora mama mwenye mtoto mgongoni, akafikiria sana, akaona kinachofaa kuwekwa ndani ya mkeka wake ni panga? Aliwahi kumwona mtu akivuka mto na mkeka? Ndani ya mkeka huwa kuna nini, nikwambie mimi? Kuna sufuria, kuna mbegu, kuna nguo moja ya kanisani. Pumbavu zake huko aliko.

Na hawa waliotutafsiria, je? Hao ndio walionimaliza kabisa. Mwanzoni mwa kitabu msomi wao ameandika kurasa kadhaa za sifa, kwamba hiki ni hazina, kwamba kililea vizazi katika ujasiri na huruma, kwamba kila mtoto wetu akisome. Huruma! Nilitafuta kama amesema lolote kuhusu mto. Wapi. Mtu kasoma kitabu kizima, kakaa kutafuta Kiswahili kizuri cha kumfukuzia mama wa watu, kakipata, na kalamu haikumtetemeka hata kidogo. Angalau bibi yangu alikuwa hajui kusoma. Hawa wanajua, na ndivyo walivyosoma.

Sasa kazi ilikuwa kwangu. Ukurasa ule uko Nyakahura, umetundikwa ukutani, kama ulivyotundikwa miaka yote. Nimeuona mwenyewe kila nilipokwenda, pembeni ya picha ya Bikira Maria. Mama yule amekaa nao, amezeeka nao, na amewaonesha wajukuu zake wote mtu aliyempokea mtoni. Nami nilikuwa nimemwahidi kwenye simu kabla sijala chapati: mama, nimekipata kitabu chetu, tena cha Kiswahili, nakuja nikusomee! Alicheka kwa furaha mpaka simu ikakwaruza. Njia nzima, gari linapanda na kushuka milima, nikawa najifunza uongo. Nitasema nimekisahau hotelini, au miwani imevunjika. Au nisome, na nikifika mtoni niseme ya bibi kwa Kiswahili, mdomo haukatai. Kila uongo nilioujaribu ulinitia kinyaa, na hasira ikazidi, kwa nini mimi ndiye niwe mwongo na wao wakae na dhahabu yao?

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba, anachambua maharage, ng'ombe wa jirani wanapita kwenda majini. Amekonda, lakini macho yake ni yale yale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kiko wapi?"

Hakuniuliza hata habari za safari! Nikasema ngoja kwanza nikasalimie Bikira Maria, nikaingia ndani ili nipate pumzi. Macho yakazoea giza, nikautazama ule ukurasa. Doa la kidole lipo. Mkono upo. Lakini safari hii karibu na mdomo wa padri kulikuwa na tundu, tundu safi la mviringo, na kupitia tundu hilo uliuona udongo wa ukuta. Maneno yote yalikuwa yamekatwa. Hakukuwa na hata moja.

Nikatoka nje, nikasimama kama mlingoti. Akanitazama, akaendelea kuchambua.

"Mjukuu wangu huyu wa sekondari anajua Kiingereza," alisema. "Alinisomea, akiwa amefurahi, anataka nimsifu. Alipomaliza akaanza kulia."

"Na wewe mama?"

"Nililie nini? Nilikasirika. Halafu nikamwambia aniletee wembe." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Yale maneno nilishayasikia barabarani Rulenge. Niyatundike tena nyumbani kwangu, kwa sababu gani?"

"Ungeitoa yote, mama. Ungeichoma."

"Picha ni ya bibi yako," alinijibu kwa ukali, kama nimemtukania mtu wake. "Picha hakuna wa kunikataza. Kiko wapi hicho kitabu?"

Nikakitoa mkobani. Akakipindua huku na huku, akagusa ile dhahabu kwa ukucha, akaguna. Kisha akanawa mikono, nami nikanawa. Mimi ni fundi, mkasi haunitoki mkobani, yeye akaitisha wembe wake, tukaanza ukurasa wa kwanza. Rafiki yangu, tulikata! Tulikata bila huruma hata maneno yasiyo na kosa, salamu, kelele za ngumi, vyote. Zile kurasa za msomi nilizitoa nzima nzima. Wajukuu waliokota vipande, wakavitia jikoni chini ya sufuria ya maharage, na yule wa sekondari alikuwa anavisukuma ndani kwa kijiti kwa hasira iliyonifurahisha sana. Tulipomaliza, kitabu kilikuwa na matundu kila mahali, na tulikuwa tunahema kama watu waliotoka kulima.

"Haya, tusomee," mama akaniambia. "Kama bibi yako."

Watoto wakasogea. Nikaanza vizuri. Huyu ni padri wa Pentekoste. Suruali yake wameifua kwa maji ya moto. Wakacheka, nami nikacheka. Pikipiki ya parokia ni mbovu, huyu mnene ana pepo, nikaenda, nikaenda, mpaka mtoni. Nikautazama mkono. Pembeni ya mdomo kulikuwa na tundu tu, na ndani ya tundu naona kitenge changu cha magotini. Nikafungua kinywa kusema anawabariki, nikakifunga. Neno limeungua, liko jikoni, na mimi bado nalisikia, kwa sauti ya yule mlevi wa barabarani na kwa Kiswahili cha wale wasomi, yote kwa pamoja.

Mama akangoja. Kisha akakichukua kitabu mapajani pangu, akaweka kidole juu ya yule mwanamke wa mbele. "Huyu ni mimi," aliwaambia. Akainua mkono wake, vidole vimepinda kwa jembe. "Na huyu anatubariki. Tumetoka mbali, tumechoka, na yeye amekuja kutupokea mtoni." Watoto wakainamisha vichwa, hata yule anayejua Kiingereza.

Mimi sikuinamisha. Sikuweza. Nilikodolea macho kile kiganja nikitafuta baraka niliyoiona nikiwa mtoto, nikaitafuta kwa nguvu zangu zote, nikaona mtu anafukuza watu. Bibi alikufa akiiona. Mama yule anajua kila kitu na bado anaweza kuiinua mkononi mwake akawapa watoto. Kwangu imekwisha, na sikuipoteza mwenyewe, niliuziwa kupotea kwake mchana kweupe, na nikashukuru.

Kesho yake nilirudi Ngara kupanda gari la Mwanza. Pale mlangoni mwa duka walikuwa wameshaning'iniza kingine.